Binamu, ile bili ya Dunga bado iko rohoni

Binamu,

Najua ulishafika Utrecht salama na pengine hata umesahau, lakini sisi huku Kisumu bado tunaongea hio stori ya samaki. Ulitupigia simu ukasema, "Jumamosi nawaita Dunga," pale kwa samaki kando ya ziwa. Nawaita. Hilo neno ndio lilileta shida yote, maana huku kwetu ukishasema nawaita watu wanavaa wanakuja na hakuna mtu anaangalia mfuko. Anti alitoa kitenge chake cha harusi, akapanda matatu kutoka Ahero na kuku mzima amefungwa miguu ndani ya kikapu, wa kukupa wewe, na karanga kilo mbili za huyo mzungu wako, kwani mtu ataenda kuitwa mikono mitupu? Tukanawa, samaki wa ngege wakaja na mchuzi wao, ugali, mboga ya osuga, ukapiga picha, tukacheka mpaka mbu wa ziwa wakatufukuza.

Kesho yake saa mbili asubuhi simu ya anti ikalia, ni wewe: "Yako ni 850."

850! Na alikula mkia tu bana, kichwa alikusukumia wewe.

Ulinieleza ati huko Uholanzi ni kawaida, kuna Tikkie, programu iliyoletwa na benki ya ABN AMRO 2016, mtu anatumiwa linki ya kulipa hata kahawa na hakuna anayenuna, deni linaisha urafiki unabaki mwepesi. Sawa, nimeelewa, na kusema ukweli hio linki ningeitaka kwa wale marafiki zangu wa nyama choma ambao bili ikifika tu wanakumbuka choo. Lakini si wewe uliniambia huko mwenye birthday ndiye ananunulia ofisi nzima keki? Basi hata wao wanajua maana ya kuita.

Na usifikirie hatujui kuchanga. Tunachangia matanga, harusi, karo, chama kila mwezi, siku hizi kuna hadi grupu ya WhatsApp na mweka hazina wake mkali. Tofauti ni kwamba tunachanga kabla sufuria haijapanda jiko, na kila mtu anatoa ya nguvu yake, mwenye 50 anatoa 50 na anakula kama wengine, hatungoji watu washibe ndio tuanze kuhesabu miiba. Ungesema tu "tuchange tukule samaki" anti angeleta mia mbili yake na roho safi.

Alikutumia hio 850, tena akaongeza ada ya kutoa. Kwamba alikopa kwa chama hakukuambia, na mimi pia sikufaa kukuambia. Mpigie, pesa usitaje, muulize tu kama maji yameingia kwa shamba la mchele.

Halafu yule kuku uliyeniachia ati haruhusiwi kwa ndege, ametaga mayai saba na anakula mahindi yangu kila siku. Nikutumie linki?