Misumeno ya zamani isiuzwe kama chuma chakavu

Mhariri,

Nawasihi mafundi wa Mwanza, hasa wanaowahudumia waunda mitumbwi na wapasua mbao wa kando ya Ziwa Victoria, wasiiuze misumeno ya zamani ya mnyororo kama chuma chakavu. Stihl 070, kwa mfano, yenye injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 100, bado inapasua magogo makubwa ikitunzwa.

Kinachoiharibu mara nyingi ni haraka ya kuiwasha baada ya kulala stoo miaka mingi, kwa maana sili za krankishafti (mipira inayoziba hewa kwenye mhimili wa injini) zikishakauka hupitisha hewa, mchanganyiko ukapungukiwa petroli na oili, na pistoni ikakwaruzika hata kama kabureta imesafishwa vizuri. Kwa hiyo sili na diaframu ya kabureta (utando mwembamba unaoongoza petroli) zibadilishwe kwanza, na oili ichanganywe na petroli kwa kipimo, si kwa kukadiria.

Linalonitia hofu zaidi ni kwamba mingi ya misumeno hiyo haina breki ya kuusimamisha mnyororo ghafla, na ncha ya msumeno ikigusa gogo msumeno huweza kumrukia mwendeshaji usoni. Anayeufufua amkabidhi mzoefu tu.

Fundi wa injini ndogo,
Kirumba, Mwanza