Mwanangu, Babu anakusikia

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata kupitia kwa matroni. Mengine yote nitakujibu, ila swali moja limenikaa moyoni: "Mama, Babu bado ana akili zake?" Najua limetoka wapi. Ulipozungumza naye kwenye simu kila ulilomwambia alilijibu kwa neno moja. Ulimwamkia, akasema twende. Ukamwambia umefaulu baiolojia, akasema twende, twende, twende.

Anazo akili zake, mwanangu. Simu ilipokatika alimshika Bibi mkono, akamwonyesha picha yako ukutani, akacheka. Alikuelewa vizuri kabisa. Kilichoharibika ni sehemu moja ya ubongo, na ubongo una sehemu nyingi, kila moja na kazi yake.

Babu alipata kiharusi: mshipa wa damu uliziba upande wa kushoto wa kichwa chake. Ubongo wa mtu mzima ni kama kilo 1.4 tu, asilimia 2 hivi ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote inayotumiwa na mwili, na hauna akiba. Damu isipofika, seli huanza kufa ndani ya dakika chache. Ndiyo maana siku ile sikukubali kusubiri hata kidogo, ingawa ndugu zetu wengine walitaka aitwe mganga kwanza. Mtaani bado wapo wanaosema amerogwa. Hapa zahanati kwetu namwona mgonjwa wa presha karibu kila siku, na wengi huacha dawa mara tu wanapojisikia nafuu. Presha isiyotibiwa ndiyo inayoleta kiharusi kuliko kitu kingine chochote. Ukiona uso wa mtu umepinda upande mmoja, mkono umeishiwa nguvu ghafla, au ulimi umekuwa mzito, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.

Uliuliza pia kwa nini ubongo umeharibika upande wa kushoto na uliolegea ni mkono wa kulia. Neva zinazoendesha viungo hupishana sehemu ya chini ya medula, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, zile za kushoto zikaenda kulia na za kulia zikaenda kushoto. Na kwa karibu watu wote wanaotumia mkono wa kulia, lugha nayo imekaa kushoto. Kwa hiyo pigo moja limemchukulia Babu mkono na maneno kwa pamoja.

Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aitwaye Leborgne. Mtu huyo alikuwa hawezi kuzungumza kwa zaidi ya miaka 20. Kila alichoulizwa alijibu "tan, tan", mpaka watu wakamwita Tan. Upande wake wa kulia ulikuwa umepooza, kama wa Babu. Lakini alipoulizwa jambo la hesabu, alijibu kwa vidole vya mkono wa kushoto. Alipofariki, baada ya siku chache tu, Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Hiyo ndiyo sehemu inayotengeneza usemi, na hadi leo inaitwa kwa jina la Broca. Mwanangu, "twende" ya Babu ni "tan" ya Leborgne. Hana maana ya kutaka kwenda popote. Ndilo neno lililobaki mlangoni.

Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke alieleza hali iliyo tofauti na hiyo. Wagonjwa wake waliongea kwa mfululizo, sauti ikipanda na kushuka kama ya mtu mzima wa afya, ila maneno yenyewe hayakushikana, na walichoambiwa hawakukielewa vyema. Kwao palipoumia ni nyuma zaidi, maeneo ya juu ya sikio la kushoto. Sehemu hiyo kwa Babu imesalimika kwa kiasi kikubwa. Nimempima mwenyewe. Nilimwambia, bila kuonyesha kwa mkono, achukue tasbihi iliyo chini ya mto ampe Bibi. Akaichukua, akampa.

Sasa nikueleze jambo lililozua maneno hapa nyumbani. Juzi jirani yetu alimsomea dua, na alipoanza Alfatiha, Babu akaipokea na kuisoma naye hadi mwisho, aya kwa aya, sauti imetulia. Jirani akatoka akisema mzee anajifanya, mbona Alfatiha anaiweza na "maji" hawezi kuomba? Niliumia sana. Kutunga sentensi mpya na kutoa maneno uliyoyabeba tangu chuoni ukiwa mtoto ni kazi mbili tofauti kwa ubongo. Sala, nyimbo, kuhesabu moja mbili tatu, hata salamu, vina njia zake, na upande wa kulia, ambao kwa Babu ni mzima, unachangia sana humo. Huko Boston, Marekani, tangu miaka ya 1970 wataalamu wamewafundisha wagonjwa wa namna hii kutamka kwa kuimba, huku wakigonga taratibu kwa mkono wa kushoto. Bibi ameanza naye: "na-ta-ka ma-ji." Jana lilitoka "maji", likiwa zima kabisa. Bibi alilia.

Kuandika nako hawezi, kwa hiyo usimtumie barua ukitegemea majibu. Neno lililogoma mdomoni hugoma na kwenye kalamu, hata kwa mkono mzima. Nimemchorea picha kwenye daftari: chai, choo, dawa, msikiti, na mtumbwi, kwa sababu kila asubuhi anataka kujua kama vijana wamerudi na dagaa kutoka ziwani.

Sehemu nyingine unazisoma darasani, sitakuchosha. Serebelamu, ule ubongo mdogo ulio chini ya kisogo, ndiyo iliyomwezesha kusimama wima mtumbwini usiku kucha akivuta wavu kwenye mawimbi. Ni kama sehemu ya kumi tu ya uzito wa ubongo, lakini imebeba zaidi ya nusu ya seli zake za neva. Yake haikuguswa. Medula huendesha pumzi na kurekebisha mapigo ya moyo hata ukilala. Hipokampasi hupokea kumbukumbu mpya, na usingizi huisaidia kuzihifadhi, kwa hiyo hilo la kukesha hadi alfajiri siku ya mtihani silipendi. Na sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, ya kupanga na kujizuia, hukomaa mwisho, mtu akiwa amepita miaka 20. Yako bado inajengwa. Ukipanda bodaboda, vaa helmeti.

Ukiongea na Babu, tumia sentensi fupi. Usipaze sauti, masikio yake ni mazima. Muulize maswali ya ndiyo au hapana, na ukiwa hapa umtazame uso na kidole gumba, maana mdomo unaweza kusema ndiyo ilhali amekusudia hapana. Mpe muda, usimdakie neno. Usipoelewa, mwambie hujaelewa, mjaribu tena. Na nakusihi, usimwongeleshe kama mtoto mchanga. Anachukia, na ana haki. Mtanie kama alivyozoea kukutania na kukuita mchumba wake.

Nafuu kubwa huja miezi ya mwanzo, lakini baadaye pia inaendelea, maana sehemu zilizobaki nzima hujifunza kubeba kazi ya zile zilizokufa, na hujifunza kwa mazoezi. Ndiyo sababu naomba likizo hii usipitie kwa shangazi. Shule ikifungwa panda treni uje moja kwa moja Kigoma, ukae naye kila siku, Bibi apumzike kidogo.

Ameulizia asali ya Tabora, kwa picha ya nyuki aliyoniongoza hadi nikaichora. Mletee. Kumeza kwake kumeshapimwa, hakuna shida.

Mama yako