Kabla ya kutulaumu kwa kunyamaza

Mhariri,

Kila mara magenge ya vijana wenye mapanga yanapowavamia watu huku Kisauni, wakuu wa usalama huitisha baraza na kutulaumu wakazi kwamba wahalifu tunawajua lakini tunanyamaza. Kunyamaza tunanyamaza, sikatai. Ninaloomba ni watuulize pia tulianza lini, na kwa sababu gani.

Jirani yangu, mama muuza viazi karai, alikwenda kituoni asubuhi moja kueleza aliyoyaona usiku uliotangulia. Akiwa amesimama kaunta, katikati ya watu waliofuata shida zao, aliulizwa kwa sauti jina lake, mtaa wake na hata nyumba anayokaa. Kabla ya magharibi habari ilikuwa imeshafika maskani, na kijana mmoja akaja kununua viazi, kwa adabu asiyokuwa nayo siku zote, akamuuliza kituoni kulikuwaje. Tangu hapo mama huyo hajaona kitu tena, nami siwezi kumlaumu.

Simtuhumu askari yeyote kuuza siri, maana kaunta ile peke yake ilitosha. Kifungu cha 244 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi ijenge uhusiano mwema na jamii, na tangu 2011 tunayo IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, ya kuchunguza vifo na majeraha mabaya yanayotokana na vitendo vya polisi. Hayo ni mambo makubwa na yanahitajika sana, lakini raia wengi hawatafika IPOA maishani mwao. Polisi wanayemjua ni yule wa kaunta, anayewaandikia nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, au anayewaambia warudi kesho, na wakirudi anawaomba pesa ya mafuta ya gari.

Wapo walio kinyume cha hao. Mpwa wangu, dereva wa tuktuk, aliibiwa simu, na baada ya wiki tatu askari aliyeandika taarifa yake akampigia kumwambia kwamba haijapatikana. Simu imepotea hadi leo, lakini kijana huyo ndiye pekee nyumbani kwetu ambaye bado huenda kituoni akiwa na jambo.

Kutenga chumba kimoja chenye mlango unaofungika, ambamo mtu ataeleza alichokiona bila kusikilizwa na foleni nzima, hakuhitaji kusubiri bajeti ya Nairobi. Wakuu wetu walianze hilo kabla ya baraza lijalo.

Mkazi wa Kisauni,
Mombasa