Michoro ya ubaoni na dhana potofu za kemia

Mhariri,

Wanafunzi wengi wa sekondari humaliza mada ya bondi za kikemia, yaani nguvu zinazoshikanisha atomu, wakiamini kwamba bondi ikivunjika hutoa nishati, ilhali kuivunja ndiko kunakohitaji nishati, na joto la moto hutokana na kuundwa kwa bondi mpya zilizo imara zaidi. Kosa lingine, ambalo naliona zito zaidi kwa kuwa michoro yetu wenyewe, yenye mshale wa elektroni kutoka sodiamu moja hadi klorini moja, ndiyo huliotesha, ni kudhani kuwa katika chumvi ya mezani kila sodiamu imefungamana na klorini moja tu, ile iliyopokea elektroni yake. Kumbe ndani ya fuwele, yaani punje ya chumvi ambayo chembe zake zimejipanga kwa utaratibu, kila ayoni (atomu yenye chaji) ya sodiamu huzungukwa na ayoni 6 za kloridi, yaani klorini zilizopokea elektroni, zote zikivutwa kwa nguvu sawa. Walimu tuichore fuwele kwanza, mishale ya elektroni ifuate.

Mwalimu wa kemia