Hiyo nyumba ya mawe, usisaini kwanza

Marahaba mwanangu,

Mapicha ya nyumba uliyonitumia nimeyaangalia mpaka simu ikaisha chaji. Nzuri jamani, sisemi uongo, yale mawe ya rangi ya asali ya huko Cotswolds, Uingereza, na yale madirisha mawili ya juu yaliyozibwa ukaniuliza kwa nini, huenda ni enzi za kodi ya madirisha, Uingereza walitoza kodi kwa kuhesabu madirisha toka 1696 mpaka 1851, basi watu wakaona bora wakae giza (kodi haijawahi kupendwa popote).

Ila ile picha ya mlango wa jikoni umeivuta karibu? Mi nimefanya uashi miaka mingi, jicho langu linaenda kwenye maungio sio kwenye maua. Pale kati ya jiwe na jiwe mtu kapiga simenti, na mawe yenyewe yameanza kubanduka maganda. Kuta zile za zamani zilijengwa kwa chokaa, unyevu ukiingia unatokea kwenye chokaa, sasa ukiziba na simenti unabaki umefungiwa ndani ya jiwe, baridi ikija maji yanaganda, yanatanuka, jiwe linapasuka. Ukienda tena kwaruza kidogo na ufunguo, chokaa itamomonyoka, simenti itakugomea. Afu ingia chumba cha upande huohuo, fungua kabati la ukutani, nusa kama kuna harufu ya unyevu. Dalali atakuwa kawasha hita nyumba nzima ila kabati hawalikumbukagi.

Lingine ni makaratasi. Umesema iko Grade II, yaani kwenye orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa na sheria, basi kubadilisha chochote kinachogusa uzamani wake, hata cha ndani, lazima kibali cha halmashauri na ukifanya bila kibali ni jinai. Sasa yale madirisha ya plastiki ya nyuma, aliyeyaweka nani alimruhusu? Wewe hawatakushtaki kwa kosa la mwingine, ila ukishanunua halmashauri inaweza kukuamuru urudishe yalivyokuwa, kwa hela yako, na hilo halina ukomo wa miaka. Kwahiyo wakili aombe vibali vyote mapema, na mkaguzi mtafute mwenyewe, awe anayejua majengo ya zamani, sio wa kuletewa na dalali.

Msalimie mwenzio na wajukuu. Nitumie picha ya paa na ya hilo kabati, hata usiku wa manane niko macho.