Tumrudishe Kijana Wetu Chuoni: Wito wa Harambee, Jumamosi Tarehe 15 Agosti 2026

Ndugu zetu wapendwa, wana wa kijiji mlio nyumbani na mlio mbali, Mombasa, Nairobi, Doha, Jeddah na kokote riziki ilikowapeleka,

Salamu nyingi kutoka nyumbani Kinango, Kwale. Wazee wazima, akina mama wazima, watoto wako shule. Barua hii ni ya kamati ya elimu ya kijiji, nami katibu ndiye niliyekabidhiwa kalamu. Naanza na jambo linalotutia haya, maana tukilificha mtalisikia kwa wengine, nao hawatalisema lote.

Septemba iliyopita tulimsindikiza kijana wetu kwenda chuo kikuu. Mnamfahamu, ni yule aliyekuwa akisomea kwenye veranda ya zahanati usiku kwa sababu pale kuna taa ya sola. Alipata B+ kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, akaitwa kusomea uhandisi wa ujenzi, wa kwanza kuitwa kozi hiyo kutoka upande wetu huu wa silanga, bwawa tunaloteka maji. Chini ya mkwaju, mbele ya baba yake na mama yake, kamati hii iliahidi Sh 40,000 za kumwanzishia. Siku ya safari ilipofika tulikuwa na Sh 11,500. Tukamwambia nenda, mwanetu, usichelewe kuripoti, zilizobaki tutakutumia ukiwa kwenye foleni.

Akaenda. Alisafiri usiku kucha akiwa na godoro la inchi 4 lililofungwa kwa kamba ya katani, ndoo moja, na bahasha ya barua ya kuitwa aliyoizungushia kanga ya mama yake isiingie vumbi. Saa nne asubuhi alipiga simu. Mweka hazina wetu aliitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza, kwa kuwa hakuwa na la kumwambia. Saa saba ikalia tena. Saa kumi dirisha la malipo likafungwa. Mkopo wake ulikuwa haujaingia, na pale dirishani aliambiwa bila malipo ya kwanza hasajiliwi, na asiyesajiliwa hapewi chumba.

Alilala siku mbili kwenye steji iliyo karibu na lango la chuo, juu ya godoro lile lile. Mama mmoja muuza chai, ambaye hatumjui na tunamwombea heri kila siku, alimpa chai na andazi asubuhi na jioni. Siku ya tatu akapata nafasi kwenye lori la vitunguu lililokuwa likishuka Mombasa. Dereva alimshusha Samburu ya huku kwetu alfajiri, akashika njia ya nyumbani godoro kichwani. Mama yake alikuwa akitoka silangani na mtungi. Alipomwona alidhani kuna msiba. Hakumuuliza kitu. Alilipokea godoro akaliegemeza ukutani, na mpaka leo liko pale pale, kamba haijafunguliwa.

Ndugu zetu, ahadi ni deni, na deni hili ni letu sote tuliokaa chini ya mkwaju siku ile na kupiga makofi. Kijana hakutulaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo linalotuuma zaidi. Tangu aliporudi anabeba mawe kwenye kazi za mjengo, Sh 500 kwa siku, siku kazi ikipatikana. Chuo kimekubali kumwekea nafasi yake mwaka mmoja. Septemba hii asipofika, nafasi imekwenda.

Wapo miongoni mwetu wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, chuo kina faida gani ikiwa waliohitimu tunawaona wakiendesha bodaboda. Sisi hatutawaahidi kwamba shahada ni kazi mkononi. Wengine husubiri miaka. Lakini kijiji hiki kimeona kwa macho yake chuo kinavyomlea mtu.

Mwaka 2014 tulimpeleka binti mmoja kusomea uuguzi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya. Mnakumbuka alivyokuwa. Akisemeshwa na mwanamume mtu mzima alikuwa anaziba mdomo kwa leso na kutazama chini. Hata jina lake alilitaja kwa kunong'ona. Harambee yake ilifanyika uwanja wa shule ya msingi. Zilitolewa mbuzi 23, madebe ya mahindi hayakuhesabika, na jogoo mmoja alinadiwa mara tatu, kila anayemnunua akimrudisha anadiwe tena, mpaka jogoo wa kawaida akaingiza Sh 9,200. Ninyi ndio mliofanya hayo.

Alitusimulia mwenyewe baadaye yaliyomkuta huko. Muhula wa kwanza alilia kila usiku. Chumbani walikuwa wanne, yeye Mduruma, mwenzake Mturkana, mmoja kutoka Nyeri na mmoja kutoka Homa Bay, na kwa mara ya kwanza alilazimika kujieleza kwa watu wasiojua kwao ni wapi. Walimcheka Kiingereza chake, naye akajifunza kucheka pamoja nao, kisha akajifunza kuwapiku kwenye mtihani. Mwaka wa pili walimchagua kiongozi wa darasa. Usiku mmoja wa zamu, wodini, mzee aliyekuwa akimhudumia alifariki mikononi mwake. Muuguzi mkuu alimwachia yeye amfunge na kumsitiri, halafu aende mlangoni akawaambie watoto wa marehemu. "Nilipomaliza kuwaambia," alisema, "nikajua hakuna mlango mwingine utakaonitisha."

Miaka michache baada ya kuhitimu kuliitishwa baraza la chifu kuhusu kisima kilichochimbwa na kuachwa bila pampu. Wazee waliongea kwa heshima, kama kawaida yetu, wakashukuru na kuomba. Binti yule akasimama, akaamkia wazee, akaomba aonyeshwe karatasi ya mradi. Aliisoma palepale, akauliza kwa nini pampu imeandikwa imenunuliwa na hapa haionekani. Sauti haikutetemeka. Mama yake alikuwa ameketi karibu nami na aliinamisha uso akafuta machozi kwa ncha ya leso. Pampu ilikuja baada ya wiki sita. Tunaoteka maji pale kila siku tunajua faida ya ile harambee ya 2014. Leo anafanya kazi hospitalini, amesomesha wadogo zake wawili, na kwa harambee hii ndiye wa kwanza kutoa, Sh 10,000, kabla hata barua hii haijaandikwa.

Yuko pia fundi wetu wa umeme aliyepitia chuo cha ufundi. Ana karakana Mariakani na vijana watano anaowafundisha kazi. Msikiti na kanisa la hapa amezitia nyaya bila kulipwa senti. Huyo naye ni matunda ya mikono yenu.

Na hili si jambo geni katika nchi hii. Kabla ya uhuru, Septemba 1959, wanafunzi 81 walipanda ndege Nairobi kwenda kusoma Marekani kwa juhudi za kiongozi wa wafanyakazi Tom Mboya na wenzake, na vijiji vilichanga ili watoto wao waweze kusafiri. Mwaka uliofuata, kwa mpango huo huo, akaenda msichana wa Nyeri aitwaye Wangari, akasomea biolojia Kansas. Dunia ilikuja kumjua kama Profesa Wangari Maathai, na 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Huko huko Nyeri, miaka ya 1970, wakulima wa kahawa walichanga kujenga chuo cha ufundi, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Wakulima, ndugu zetu. Watu wa jembe na panga kama sisi. Nasi Pwani tuna Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, vyote vikiwa vyuo vikuu kamili tangu 2013. Mlango umesogezwa karibu. Itakuwa aibu watoto wetu wabaki wamesimama nje yake.

Tutasema ukweli kwa nini harambee zimelegea. Ukame uliotushika kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, ulimaliza zizi. Mzee aliyetoa mbuzi wanne mwaka 2014 leo ana mmoja, na huyo mmoja ni wa maziwa ya mjukuu. Mbuzi ndio waliokuwa benki yetu ya karo. Nyumbani tutatoa tulicho nacho, na tayari tumeanza, lakini safari hii mzigo mkubwa unawaangukia ninyi wenye mshahara.

Hesabu ni hii. Vijana wetu walio vyuoni au wanaosubiri kurudi ni watano. Anayesomea uuguzi ana deni la Sh 97,500 na hataruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho asipolilipa. Binti anayesomea ualimu anahitaji Sh 88,000. Kijana wa umeme Sh 54,000. Binti wa stashahada ya kilimo Sh 74,500. Huyu wetu wa godoro anahitaji Sh 112,000, ndani yake mkiwa na fungu la gharama za chuo linaloachiwa familia, chumba, chakula cha muhula wa kwanza, vifaa vya kuchorea na kipakatalishi cha mtumba. Jumla ni Sh 426,000. Mkononi tuna Sh 58,300. Zinabaki Sh 367,700.

Msituulize kwa nini serikali haitoi, kwa kuwa inatoa, ila haitoi yote. Tangu mpango mpya wa 2023 mwanafunzi wa chuo kikuu hupangwa kulingana na uhitaji wa kwao, sehemu ya gharama ikawa ufadhili, sehemu mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na sehemu ikabaki kwa familia. Basari ya kaunti tumeomba na tutaomba tena. Fungu la familia ndilo lililomlaza mtoto steji.

Sasa tuseme lililo moyoni. Daftari letu la wana wa kijiji wanaofanya kazi nje lina majina 214. Kila mmoja akitoa Sh 1,800, watoto wote watano wako darasani na kiasi kinabaki. Kwenye kundi letu la WhatsApp, mwezi uliopita palipotangazwa harusi, zilichangwa Sh 83,000 kwa siku nne. Hatusemi harusi ni mbaya, tulikwenda na tukala. Tunasema mkono huo huo unaweza. Na baadhi yenu, bila kutaja jina, karo yenu ilitoka kwenye mbuzi wa watu ambao leo hawana mbuzi. Wazee hao wako hai. Huwauliza wageni habari zenu.

Kuhusu fedha, akaunti ni ya benki, kwa jina la kamati, na haitoki shilingi bila saini tatu: ya mwenyekiti, ya mweka hazina, na ya mama mwakilishi wa wazazi. Karo italipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, haitapita mkononi mwa mtu. Risiti zote zitabandikwa kwenye ubao wa zahanati na picha zake kutumwa kwenye kundi kabla ya tarehe 30 Septemba. Hesabu ya mwaka jana, zile Sh 11,500 zikiwemo, imebandikwa tayari. Kijana alirudisha Sh 6,200 zilizobaki baada ya nauli, akazihesabu mezani petu noti kwa noti. Nambari ya kutumia M-Pesa mtaipata kwa mweka hazina au kwa kiongozi wa kundi la mji wenu. Tafadhali msimtumie mtu mwingine yeyote.

Imamu atautangaza wito huu baada ya swala ya Ijumaa, na mchungaji Jumapili ibadani. Wote wawili wamekubali kukaa meza moja siku hiyo, kama walivyokaa 2014. Kwa ndugu zetu Waislamu, mnajua elimu yenye manufaa ilivyo sadaka inayoendelea hata mtu akiwa kaburini. Kwa ndugu zetu Wakristo, hamhitaji kukumbushwa na katibu habari za mjane na senti zake mbili. Mama mmoja wa hapa, anayeuza makaa, ameleta Sh 150 na kuuliza kama zinatosha kuandikwa daftarini. Zimeandikwa.

Harambee itaanza saa tatu asubuhi uwanja wa shule ya msingi. Akina mama watapika wali na maharagwe, anayeweza kuleta kuku alete. Wa mbali, tumeni mapema ili majina yenu yasomwe mbele ya wazazi. Mwenye kipakatalishi kinachofanya kazi asichokitumia, atujulishe, tutapunguza hesabu. Na aliyeahidi mwaka jana akashindwa, kama sisi tulivyoshindwa, asijifiche. Aje tu.

Kijana anaanza safari Ijumaa tarehe 4 Septemba kwa basi la jioni. Safari hii mweka hazina atakwenda naye mpaka dirishani.

Wenu katika kazi ya kijiji,
Katibu, kwa niaba ya kamati ya elimu