Risala ya Wanakikundi wa Maktaba ya Watoto, Bagamoyo, kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kuzindua Mpango wa Wosia na Wakfu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu. Waheshimiwa viongozi wa dini. Wazee wetu, walimu, wazazi na wanakikundi wenzetu: Asalaam aleykum, Tumsifu Yesu Kristo.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu na kuja kukaa nasi. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kinaendesha maktaba ya watoto na kuwasaidia sare, madaftari na viatu wanafunzi wa kaya zisizojiweza. Fedha zetu hutokana na ada za wanachama, harambee na wafadhili wa miradi. Tunawashukuru wote. Lakini mradi una tarehe ya kuisha. Mfadhili hununua vitabu na kompyuta kwa moyo mkunjufu. Mshahara wa mkutubi na bili ya umeme ni nadra kumpata wa kuvilipia. Mradi ukifungwa, tunarudi kupitisha bakuli kwa watu walewale waliochangia mwaka jana.

Leo tunazindua njia nyingine. Tunawaomba wanachama na marafiki wa maktaba waikumbuke katika wosia wao, au waiwekee wakfu, yaani mali iliyotengwa daima kwa jambo la heri, wangali hai.

Jambo hili si geni katika mji huu. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara aliyezaliwa mwaka 1851 na kutajirika hapa Bagamoyo kwa biashara ya misafara, alitoa jengo ili iwe shule ya watoto wa rangi zote, wakati wakoloni walikuwa wanawatenga watu kwa rangi. Alipofariki mwaka 1897, wosia wake ulikuwa umekwisha kuelekeza kwamba mapato ya majumba na viwanja vyake vya Bagamoyo na Dar es Salaam yawahudumie wagonjwa maskini na watu wenye ukoma. Aliacha mali inayozaa, na akaandika izae kwa ajili ya nani. Ukienda Hospitali ya Taifa Muhimbili leo utaelekezwa jengo la Sewahaji.

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Tuzo ile inatokana na wosia ambao Alfred Nobel aliuandika mwaka 1895. Hata hivyo ndugu zake waliupinga wosia huo baada ya kifo chake mwaka 1896, na tuzo za kwanza zikatolewa mwaka 1901. Hapo tumejifunza kwamba familia isipoambiwa mapema, nia njema huishia kwenye mabishano.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulipoanza kulizungumza hili, baadhi ya wazee walituambia kuandika wosia ni kujichulia. Hatukuwapuuza. Tulikaa nao, tukawaomba masheikh na mapadri watusaidie, na tukakubaliana mambo ambayo hatutayavunja.

Mtoaji atatafuta mwanasheria wake mwenyewe. Kiongozi wa kikundi hatamwandikia mtu wosia wala kuwa shahidi wake. Mwislamu ataelezwa kuwa anachousia hakizidi thuluthi ya mali yake, kwa kuwa kilichobaki ni haki ya warithi. Anayetaka kuweka wakfu katika uhai wake ataelekezwa kwa wanaoijua sheria hiyo. Anayefuata sheria za mila atakumbushwa mashahidi wa wosia wa maandishi: wasiopungua wawili kama anajua kusoma na kuandika, wanne kama hajui, wa ukoo na wasio wa ukoo. Na yeyote aliyetutaja katika wosia anaweza kubadili nia yake wakati wowote akiwa hai, bila kuulizwa sababu.

Lililotuchukua muda mrefu zaidi ni zawadi za kukataa. Shamba lenye mgogoro wa mpaka hatutalipokea, hata likiwa kubwa kiasi gani. Nyumba ambayo mjane au watoto wanaishi ndani yake hatutaipokea, hata kama wosia umetutaja kwa jina. Kuna mwenzetu aliuliza kama si kujinyima kupita kiasi. Kikao kizima kilimjibu: heri maktaba ikose nyumba kuliko mjane akose pa kulala. Msimamo huo tumeuandika katika kanuni zetu, na tunaomba utushikilie hapo.

Kitakachopokelewa kitatunzwa kama mnazi: tutakula nazi, shina hatuligusi. Nyumba zitapangishwa. Fedha taslimu zitawekezwa katika hati fungani za Serikali au mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, na faida peke yake ndiyo itakayoendesha maktaba. Bodi yetu ya wadhamini imesajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, hivyo ina uwezo kisheria wa kumiliki mali kwa niaba ya kikundi. Hesabu zitakaguliwa na kusomwa mbele ya mkutano mkuu kila mwaka.

Tunajua matunda hayatakuja mwakani. Huenda wengi wetu hatutayaona. Kwa sababu hiyo michango ya kila mwezi inaendelea kama kawaida, na ada ya uanachama haijapungua hata shilingi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza, utusaidie kuwaleta maofisa wa RITA Bagamoyo wakae nasi walau siku mbili, wawaelimishe wananchi juu ya kuandika na kuhifadhi wosia. Faida yake itavuka maktaba: wajane wengi husumbuliwa katika mirathi kwa sababu marehemu hakuacha maandishi. La pili, ofisi yako itusukumie maombi ya hati ya kiwanja hiki tulichokaa. Itakuwa vigumu kumwomba mtu atukabidhi nyumba yake ilhali sisi wenyewe hatuna hati ya mahali tulipo.

Baada ya risala hii, tunakuomba uikabidhi bodi ya wadhamini daftari la ahadi, ambalo litafungiwa kabatini na kusomwa na wadhamini pekee.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.